Intaneti ya simu ndani ya treni: panga kazi ikubali kukatika

Watu wanaoniona nikifanya kazi kwenye treni, kompyuta mpakato mapajani na intaneti ikitoka kwenye simu, huniuliza natumia kifaa gani. Nawajibu kwamba kifaa si hoja kubwa. Ununue modemu ya bei yoyote, mtandao wa simu kwenye reli utakatika tu, na atakayemaliza kazi yake ni yule aliyeipanga ikubali kukatika huko.

Ukijua kwa nini unakatika, utaacha kuilaumu kompyuta yako. Wengi hudhani ni mwendo wa treni. Mwendo una mchango wake, kwa sababu simu inapokezanwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine muda wote, lakini 4G ilisanifiwa kuhimili mwendo wa kilomita 350 kwa saa. Kinachokuumiza zaidi ni behewa lenyewe. Mwili wake ni chuma, na madirisha ya treni nyingi za kisasa yamepakwa utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto, utando ambao huzuia mawimbi ya simu vilevile. Halafu reli hupita kwenye mabonde, kwenye njia zilizochimbwa katikati ya vilima na kwenye mahandaki, ilhali minara mingi imejengwa kufuata makazi ya watu. Mwisho kuna abiria wenzako: treni iliyojaa inapoingia eneo la mnara mpya, mamia ya simu huuvamia mnara huo kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana unaweza kuona vijiti vya mawimbi vimejaa na ukurasa haufunguki.

Vijiti hivyo usiviamini sana. Simu nyingi za Android huonyesha nguvu halisi ya mawimbi kwenye mipangilio, katika taarifa za laini, kwa kipimo cha dBm. Kwa 4G, hasi 85 ni nzuri. Ukiona hasi 115, usitarajie mengi. Fungua ukurasa huo ukiwa umekaa kiti cha katikati, kisha sogea dirishani, kisha karibu na mlango, uone namba inavyobadilika. Mimi hukaa dirishani kwa sababu hiyo, wala si kwa ajili ya mandhari.

Jambo jingine la kufanya mapema ni kujaribu mitandao miwili kwenye njia yako mwenyewe kabla ya kununua bando kubwa. Mtandao unaosifika mjini kwa kasi unaweza kuwa dhaifu relini. Masafa ya chini ya mawimbi ya redio, kama MHz 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta na vioo vizuri; masafa ya juu kama MHz 2600 hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Kampuni yenye minara mingi ya masafa ya chini kando ya njia yako ndiyo itakayokufaa, na hilo hutalijua kwa kusoma matangazo. Kama simu yako ina laini mbili, weka zote na uzilinganishe katika safari zako za kawaida. Andika unapokatikia: baada ya stesheni gani, na kwa muda gani. Njia haibadiliki, kwa hiyo mashimo yake ya mtandao huwa yaleyale karibu kila siku.

Ukishayajua mashimo hayo, safari inakuwa na vipindi. Penye mawimbi mazuri unatuma na kupokea. Penye giza unaandika, unasoma, unahariri. Hapa ndipo penye faida yote, nami naisisitiza kuliko kifaa chochote. Tumia programu ya barua pepe inayohifadhi ujumbe kwenye kompyuta na kuuweka kwenye kikasha cha kutoka hadi mtandao urudi. Nyaraka utakazozihitaji zipakue kabla hujaondoka, au uziwekee ruhusa ya kufunguka bila mtandao. Usitegemee kurasa ulizoziacha wazi kwenye kivinjari, maana vivinjari vingi huzifuta kimyakimya kwenye kumbukumbu na kutaka kuzipakia upya pale unapozigusa. Na maandishi yoyote marefu yanayokwenda kwenye fomu ya tovuti yaandike kwanza kwenye daftari la kompyuta, kisha uyanakili. Inasikitisha kuona mtu amebonyeza kitufe cha kutuma ndani ya handaki na maelezo ya nusu saa yakapotea.

Mikutano ya video sikushauri kabisa. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde hula takribani megabaiti 450 kwa saa kwa upande mmoja tu, na picha itaganda kila mnara unapobadilika. Kama lazima ushiriki, zima kamera na usikilize. Sauti pekee hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Ukiwa na la kusema, liandike. Abiria wenzako hawajaomba kusikia mambo ya ofisi yenu, na wakubwa wako hawatapenda wayasikie.

Bando nalo huisha kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Kompyuta ikiunganishwa na hotspoti, yaani Wi-Fi inayorushwa na simu yako, huona Wi-Fi ya kawaida tu, hivyo huanza kupakua masasisho na kupandisha picha kwenye wingu bila kukuuliza. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya muunganisho huo na uiambie kwamba una kikomo cha data. Kwenye Mac kuna hali ya kutumia data kidogo. Programu za kuhifadhi mafaili winguni zisimamishe mwenyewe, kwa sababu nyingine hazijali mipangilio hiyo.

Kuhusu kuunganisha simu na kompyuta, chagua kebo ya USB. Ndani ya behewa moja kunaweza kuwa na hotspoti nyingi zinazogombania nafasi ileile ya GHz 2.4, na kebo inakuondoa kwenye msongamano huo. Pia simu inapata chaji, jambo muhimu kwa sababu mawimbi yakiwa dhaifu simu huongeza nguvu ya kurusha, ikapata joto na kula betri. Kebo iwe ndefu kiasi cha simu kufika dirishani. Kama huna budi kutumia Wi-Fi, weka hotspoti kwenye GHz 5. Modemu ndogo ya kuchomeka inafanya kazi vizuri, ila usiiache imejitokeza pembeni mahali pa watu kupita. Na kama simu inarukaruka kati ya 5G na 4G, ifunge kwenye 4G. Kwenye treni nathamini mtandao uliotulia kuliko ulio na kasi.

Wanaoingia kwenye mifumo ya ofisi kupitia VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, wawaulize mafundi wao inatumia itifaki gani, yaani kanuni gani za mawasiliano. Itifaki ya WireGuard, na ile ya IKEv2 yenye nyongeza ya MOBIKE, huendelea hata anwani ya mtandao ikibadilika, ilhali itifaki nyingine hukulazimisha uingie upya kila unapopoteza mawimbi. Wanaosimamia seva kwa mbali watumie programu ya Mosh, au angalau tmux, ili kazi iliyoanza iendelee upande wa pili hata wao wakikatika.

Wi-Fi ya treni, kama ipo, ijaribu pia. Mara nyingi inategemea minara ileile ya simu, lakini antena yake iko juu ya paa, nje ya chuma na vioo, hivyo inaweza kuwa hai mahali ambapo simu yako imezimika. Udhaifu wake ni kwamba mnaigawana behewa zima.

Hotspoti yako usiipe jina lako halisi wala la kampuni yako, na iwe na nenosiri refu chini ya ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3. Mishahara, majina ya wagonjwa, taarifa za wateja, hayo yaache hadi ufike, kwa sababu anayekaa nyuma yako anaona kioo cha kompyuta yako vizuri kuliko unavyodhani.

Stesheni yako ikikaribia, angalia kikasha cha kutoka kabla ya kufunga kompyuta. Ukiifunga inalala, na ujumbe uliodhani umekwenda utabaki humo mpaka utakapoifungua tena.