Kabla ya kununua mfuko mwingine: sheria za mifuko ya dukani katika majimbo ya Marekani

Anayehamia Marekani akidhani kwamba nchi nzima ina sheria moja ya mifuko ya dukani atagundua mapema kuwa sivyo, kwa kuwa hakuna sheria ya shirikisho juu ya jambo hili na kila jimbo limejiamulia. Mimi naishi New Jersey, jimbo lililo kati ya New York na Pennsylvania, na ninaponunua mahitaji ya nyumbani pande zote hizo nakutana na kanuni tatu zisizofanana. Ushauri wangu kwa anayeanza maisha huku ni huu: fahamu kwanza sheria ya jimbo lako inakataza nini hasa, kisha tumia mifuko michache uliyo nayo mpaka ichakae, badala ya kununua mingine kila unapoambiwa kuwa ni rafiki wa mazingira.

New Jersey ni miongoni mwa majimbo makali zaidi. Tangu tarehe 4 Mei 2022, maduka hayaruhusiwi kumpa mteja mfuko wa plastiki wa kutumika mara moja, na maduka ya vyakula yenye eneo la futi za mraba 2,500 au zaidi, yaani takribani mita za mraba 232, hayaruhusiwi kutoa hata mfuko wa karatasi. Mfuko unaokubalika lazima uwe wa kitambaa kinachofulika, na mishikio yake iwe imeshonwa. Ukifika kwenye malipo mikono mitupu, unanunua mfuko au unarudisha vitu vyako kwenye toroli na kuvipanga kimoja kimoja ndani ya buti la gari, jambo ambalo, kwa kweli, si baya kama linavyosikika. New York, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Machi 2020, inaruhusu mifuko ya karatasi, na kaunti au mji unaweza kuitoza senti 5. Pennsylvania haina marufuku ya jimbo zima, ingawa Philadelphia imejiwekea yake. Huko Texas na Florida mambo yamegeuzwa kabisa, kwani ni miji ndiyo inayozuiwa kuweka marufuku kama hizo. Mahakama Kuu ya Texas ilifuta ile ya mji wa Laredo mwaka 2018.

Jimbo lenye mafunzo mengi zaidi ni California. Sheria yake ilitiwa saini mwaka 2014, ikapingwa, na hatimaye wapigakura wakaiidhinisha mwezi Novemba 2016. Iliondoa mifuko myepesi kwenye kaunta za malipo, lakini ikaacha mlango wazi: mfuko wa plastiki nzito zaidi ungeweza kuuzwa kwa angalau senti 10, mradi uweze kubeba ratili 22, yaani kama kilo 10, kwa umbali wa futi 175, mara zisizopungua 125. Kwa mujibu wa sheria mfuko huo ulikuwa wa kutumika tena na tena. Nyumbani, watu wengi waliutumia kama ule wa zamani, wakautupa, na kwa kuwa ulikuwa mzito, kila mfuko uliotupwa ulikuwa na plastiki nyingi kuliko mwenzake uliopigwa marufuku. Ndiyo maana sheria mpya ilipitishwa mwaka 2024, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 mifuko hiyo nayo haitolewi tena kwenye malipo. Kwa maoni yangu, kosa la sheria ya kwanza lilikuwa kupima uimara wa mfuko na kuacha kuangalia kama mwenye nao atarudi nao dukani.

Kwetu New Jersey tatizo hilohilo limejitokeza kwa sura nyingine, hasa kwa wanaoagiza vyakula na kuletewa nyumbani. Sheria ilipoanza, kila oda iliwasili ndani ya mifuko mipya ya kitambaa cha plastiki, na katika nyumba nyingi ninazozifahamu, yangu ikiwemo, kabati la jikoni lilijaa mifuko imara ambayo hakuna aliyeihitaji. Kama duka lako linatoa nafasi ya kufika na kuchukua oda mwenyewe, itumie, uende na mifuko yako.

Wingi huo una gharama yake kwa mazingira. Wakala wa mazingira wa Denmark ulichapisha mwaka 2018 hesabu inayolinganisha mifuko mbalimbali na ule wa kawaida wa plastiki ambao baadaye hutumika kwenye pipa la taka. Kwa kuangalia athari za tabianchi peke yake, mfuko wa pamba wa kawaida unapaswa kutumika mara 52 ili ulingane na huo wa plastiki. Zikihesabiwa athari zote zilizopimwa, mara 7,100. Ule wa kitambaa cha plastiki kisichofumwa unahitaji mara 6 kwa tabianchi peke yake, na mara 52 kwa athari zote. Kwa hiyo mfuko wa pamba uliopewa bure kwenye mkutano hauna ubora wowote wa asili. Thamani yake inategemea safari utakazokwenda nao. Weka michache karibu na mlango au ndani ya gari, na ukimaliza kupanga vyakula irudishe palepale kabla hujafanya jambo jingine. Tenga mmoja kwa ajili ya nyama na samaki tu, uufue mara kwa mara.

Liko pia suala la pipa la taka. Mtafiti Rebecca Taylor, katika utafiti wake wa mwaka 2019 kuhusu California, alionyesha kuwa mifuko ya dukani ilipoondolewa, watu walinunua zaidi mifuko midogo ya taka, kiasi kwamba zaidi ya robo ya plastiki iliyookolewa ilirudi kwa njia hiyo. Kwangu, mifuko ya mkate na ya mchele inatosha kwa pipa dogo la bafuni.

Ikiwa unalipa kwa msaada wa chakula wa SNAP au wa WIC, fahamu kwamba katika majimbo kama California, New York na Washington tozo ya mifuko haikuhusu. Keshia akikutoza, mwambie kwa upole airekebishe. Na mfuko wako ukishachanika kabisa usiutie kwenye pipa la urejelezaji la nyumbani, kwa sababu hujisokota kwenye mashine za kuchambua taka na kuzisimamisha. Wa plastiki upeleke kwenye sanduku la kukusanyia mifuko dukani, kama lipo. Wa pamba ukate uwe vitambaa vya kufutia.