Kwa nini ndege za Thimphu hutua Paro, tena mchana

Ndugu, umeuliza kwa nini tiketi yako ya Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, inaishia Paro, na kwa nini hukupata safari ya usiku. Uwanja wa kimataifa unaouhudumia mji huo uko katika bonde la Paro, takriban kilomita 50 kwa barabara, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,200. Rubani, ambaye lazima awe na kibali maalumu, hushuka akitegemea macho yake, akipinda kati ya milima, na barabara ya kutulia huiona mwishoni kabisa. Gizani hilo haliwezekani. Upepo wa bondeni hukaza alasiri, hivyo chagua ndege ya asubuhi. Ukitokea Delhi, omba dirisha la kushoto: kukiwa kweupe, utauona Everest.