Mstari uliokuwepo mwaka jana

Kila mwisho wa Juni, serikali inapofunga mwaka wake wa fedha, mimi nami hufunga daftari la mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Uyole. Zamani niliwahi kuwa karani wa hesabu kwenye halmashauri, na tabia ya huko nilikuja nayo: chukua bajeti ya mwaka jana, ongeza asilimia kumi kila kifungu, peleka.

Siku moja binti yangu aliweka kidole kwenye daftari. "Baba, hii kodi ya stoo ya Igawilo ni ya nini? Magunia si tulihamisha?" Kweli tulihamisha, msimu mzima umepita. Kila mwezi nilikuwa nalipia chumba chenye mizani mbovu na turubai lililochanika. Sikuwahi kuuliza, kwa sababu mstari ule ulikuwepo mwaka jana.

Tangu hapo bajeti yangu naianzia sifuri, si kwenye namba za mwaka jana. Njia hii ilibuniwa na Peter Pyhrr katika kampuni ya Texas Instruments mwishoni mwa miaka ya 1960. Jimmy Carter akaitumia akiwa gavana wa Georgia, na mwaka 1977, akiwa Rais, akaiingiza serikali kuu ya Marekani. Kila kazi ilipaswa kujieleza upya: ni ya nini, ikiachwa kitaharibika nini, ikipewa fedha pungufu itafika wapi. Kisha kazi zote zinapangwa kwa uzito. Makaratasi yakawa mengi mno, na mwaka 1981 serikali ya Reagan ikaiondoa.

Kwa hiyo usifumue daftari zima kila mwaka, utachoka na utaanza kudanganya. Mimi huchukua vifungu vitatu au vinne, mwaka unaofuata vingine. Ningekuwa bado halmashauri ningeanza na posho za vikao na mafuta ya magari, maana mishahara huwezi kuigusa. Umeme siunakili tena: nahesabu magunia ninayotarajia kutoka Usangu, nazidisha na uniti zinazoliwa na gunia moja.

Ila swali la "ikiachwa kitaharibika nini" lijibiwe na anayeshika kazi yenyewe. Mwaka wa kwanza nilifuta kifungu cha rola za mpira, zile zinazomenya mpunga mashineni, bila kumuuliza fundi. Mchele ukatoka chenga tupu, wateja wakahamia kwa jirani, na wengine hawajarudi hadi leo. Sasa fundi ndiye anayeandika kifungu cha rola, kwa mkono wake.