Kuishangilia hatua ndogo ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kwa wahudumu wapya

Hatua za ukuaji ambazo kila mzazi anazijua ni chache: kukaza shingo, kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, watoto wengi hukaa bila kushikwa wakiwa na miezi 4 hadi 9 hivi, na hutembea kati ya miezi 8 na 18. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukaathiri misuli na mwendo wake, kutoka kukaza shingo mpaka kukaa inaweza kupita miaka miwili au mitatu, na muda wote huo mama yake hasikii hongera hata moja. Mazoezi mengi huachwa katika pengo hilo. Ujuzi wako wa kwanza basi ni kuligawa pengo: kutafuta hatua ambayo mtoto huyu anaweza kuifikia ndani ya wiki mbili hadi nne. Wiki nne zikiisha bila mabadiliko, usimlaumu mtoto wala mama. Hatua uliyoweka ilikuwa kubwa, ikate katikati.

Chukua kukaa. Mtoto huanza kwa kushikwa kifuani, kisha kiunoni, kisha nyongani. Baadaye huegemea mikono yake mwenyewe kwa mbele, halafu huweza kuondoa mkono mmoja akashika kopo, na mwisho huchukua kitu cha pembeni na kurudi katikati bila kuanguka. Kila kituo hapo kinastahili hongera yake, na ndani ya kituo kimoja kuna sekunde za kuhesabu: juzi 3, leo 7.

Kula kwa kijiko kuna vituo zaidi, na hapa anzia mwisho. Shikeni kijiko pamoja, mkono wako juu ya wake, choteni, pandisheni, na ukibaki upana wa vidole viwili kufika mdomoni, legeza mkono wako amalizie mwenyewe. Akizoea, achia mapema kidogo. Ukianza na kuchota, ambako ndiko kugumu zaidi, atamwaga mara kumi kabla ya kuonja. Ukianzia mwisho, kila jaribio linaishia na uji mdomoni, na uji huo ndio pongezi ya kwanza. Mpini wa kijiko uzungushie kitambaa au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili unenepe. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni hata kijiko kikiinama kidogo. Uji mwepesi hukimbilia kooni na kumpalia. Kichwa kiinamie mbele kidogo, kisitazame juu.

Weka daftari. Andika tarehe, alichofanya, kwa muda gani au mara ngapi, kwa msaada gani, na nani alishuhudia. Msaada ugawe ngazi nne: mkono juu ya mkono, kuguswa kiwiko, kuambiwa au kuonyeshwa, mwenyewe. "Anaendelea vizuri" si rekodi. "Amekaa akiegemea mikono, sekunde 12, ameguswa kiunoni mara moja, bibi yupo" ni rekodi. Jambo lililotokea mara moja lishangilie palepale, lakini usiliandike kuwa hatua mpaka limeonekana siku tatu tofauti, na angalau siku moja mbele ya mtu mwingine.

Kuna vitu vinavyofanana na hatua, kumbe ni ukakamavu wa misuli tu. Mtoto anayenyooka kama ubao ukimshika kwapani, miguu ikipishana kama mkasi na visigino vikiwa juu, hajasimama. Familia ikishangilia hapo, itamsimamisha hivyo kila siku, na misuli ya nyuma ya mguu itazidi kukaza. Vivyo hivyo mtoto anayejipindua ghafla kwa kurusha kichwa nyuma, au ngumi iliyofumba juu ya kitu bila uwezo wa kukiachia. Kwa mtoto wa namna hii kuachia ni kugumu kuliko kushika. Ukiona vidole vimefunguka vyenyewe na kopo likaanguka, andika, na umpongeze.

Sasa namna ya kushangilia, maana hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea zaidi. Vigelegele na makofi ya ghafla humshtua mtoto ambaye misuli yake hukakamaa: mikono hufunguka, mgongo hupinda nyuma, na alichokuwa akikifanya huharibika papo hapo. Akianguka hivyo mara mbili tatu, ataogopa kukaa. Kaa mbele yake, uso wako usawa wa macho yake, utaje jina lake na kitendo chenyewe kwa sauti ya kawaida: "Asha, umekaa mwenyewe!" Kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema tena, kwa sababu tabasamu la mtoto huyu huchelewa kufika, na mtu mwenye haraka hulikosa. Familia ikitaka vigelegele, na ni haki yao, mtoto abebwe kwanza au aegemezwe vizuri, na waanze taratibu.

Wengine wana mahitaji yao. Mwenye usonji huenda akaziba masikio. Mtoto kiziwi mwinulie mikono yote miwili na uitikise, ndivyo viziwi wanavyopigiana makofi. Asiyeona, mwite jina na umguse begani kwanza, ndipo useme alichofanya. Pipi ziache kabisa: zinaweza kumkaba, na meno ya watoto hawa ni magumu kusafisha.

Neno la kuogopa ni "amepona". Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia, na mama aliyefurahi kupita kiasi anaweza kuacha dawa akidhani kazi imekwisha. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikatike. Hongera na tahadhari zitoke pamoja: "Hongera mama Asha, leo amekaa sekunde ishirini. Dawa zake tunaendelea nazo vilevile, hata dozi moja isirukwe."

Waambie pia mapema kwamba hatua hurudi nyuma. Baada ya malaria, au mtoto anaporefuka haraka na misuli ikabaki mifupi, anaweza kupoteza alichokuwa amekipata, na familia isiyoambiwa hudhani juhudi zimepotea. Mara nyingi hukirudia kwa mazoezi. Lakini mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyewekewa mpira wa kupunguza maji ya kichwani, akipoteza hatua huku akitapika, akisinzia sana au macho yakielekea chini, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mpira huenda umeziba.

Hongera ya pili ni ya anayemlea. Msomee daftari la miezi mitatu mbele ya baba na bibi, ukianza na shikamoo yako kama kawaida, ili wasikie kwamba kazi ya mama kwenye mkeka imezaa sekunde hizo. Usihimize sherehe ya gharama. Nauli ya kliniki inatoka mfuko huohuo. Picha piga kwa simu ya mzazi. Ikibidi utumie yako, omba ruhusa kwanza, mtoto awe amevaa, amefutwa mate, na isiende kwenye kundi lolote ambalo mzazi hakulikubali.

Mwisho, mjue mtoto ambaye hatatembea. Kipimo cha uwezo wa mwendo kinachotumika tangu 1997 (GMFCS) kinawapanga watoto wenye mtindio wa ubongo katika ngazi tano, ya kwanza wakiwa wanaotembea wenyewe na ya tano wanaotegemea kubebwa au kusukumwa, na utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2002, ulionyesha kuwa watoto wa ngazi ya tano hufikia karibu sehemu tisa za kumi za uwezo wao wa viungo kabla ya kutimiza miaka 3, wale wa ngazi ya kwanza wakikaribia miaka 5. Kwa hiyo usimuahidi mama wa mtoto wa miaka 7 wa ngazi ya tano kwamba kila sekunde inamleta karibu na kutembea. Badilisha ukurasa wa daftari. Andika usiku aliolala bila kulia, mlo aliomaliza bila kupaliwa, kilo alizoongeza, ngozi ya kiunoni isiyo na kidonda. Anza naye ndiyo na hapana: shika kikombe mkono huu na kijiko mkono ule, vikiwa mbali kiasi cha upana wa mabega yake, uliza anataka kipi, hesabu hadi kumi, na utazame macho yanapotua. Akitazama kikombe, mpe kikombe mara hiyohiyo, hata kama ulidhani ana njaa.