13056 si dawa ya HTTPS kwenye VB6

SWALI: Programu yetu ya mauzo dukani imeandikwa kwa VB6 (Visual Basic 6, lugha ya zamani ya programu) na hutuma mauzo kwa seva ya malipo kupitia WinHttpRequest, kitu cha WinHTTP, sehemu ya Windows inayoongea na seva. Kwenye Windows 10 inafanya kazi, ila mashine mbili za Windows 7 zinarudisha kosa -2147012739. Fundi alituambia tuongeze Option(4) = 13056. Tumeongeza, kosa liko palepale. Tufanyeje?

JIBU: Futa kwanza huo mstari, ndipo tuongee.

Kosa lako, hiyo namba ndefu, ndilo lile la 12157 la WinHTTP: programu na seva hazijaafikiana toleo la TLS, yaani usimbaji unaolinda HTTPS. Seva nyingi siku hizi hazipokei chini ya TLS 1.2, na WinHTTP ya Windows 7 hailitumii mpaka iambiwe. Weka SP1 na sasisho KB3140245, kisha andika DefaultSecureProtocols kwenye rejista ya Windows. VB6 ni ya biti 32, kwa hiyo kama Windows yako ni ya biti 64 iandike na chini ya Wow6432Node, sehemu ya rejista ya programu za biti 32. Hapo ndipo wengi husahau. Washa TLS 1.2 upande wa Schannel pia, sehemu ya Windows inayoshughulikia TLS. Kwenye programu, weka Option(9) = 2048, yaani tumia TLS 1.2, kabla ya Send (amri ya kutuma). Basi.

Sasa hiyo 13056. Naletewa programu zenye namba hii kila mara, na ukimuuliza aliyeiweka ni namba ya nini, anacheka. Ni jumla ya namba nne, kila moja ikisema puuza kasoro fulani ya cheti, yaani kitambulisho cha seva. Ni 256, 512, 4096 na 8192: mtoa cheti asiyejulikana, cheti cha matumizi mengine, jina lisilolingana, tarehe isiyo halali. Ukiiandika umeiambia Windows ipokee cheti chochote cha mtu yeyote. Kwako haikusaidia kwa kuwa mazungumzo yanakatika hata kabla cheti hakijakaguliwa. Kingekuwa na kasoro cheti, ungeona 12175. Tarakimu mbili za mwisho zimebadilishana nafasi tu, na fundi mwenye haraka huziona kosa moja.

Duka moja la vipuri liliishi na 13056 miaka kadhaa. Nilipoitoa, kosa likajitokeza. Nikatazama saa kwenye kona ya skrini: Januari 2009. Ile betri ya duara ya CR2032 ilikuwa imekufa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma, na kwa tarehe hiyo cheti cha seva kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Betri ya bei ya soda! Kwa ajili yake nywila ya malipo ilikuwa ikipita kwenye wifi ileile waliyopewa wateja, na yeyote aliyekaa hapo akajifanya seva angepokelewa bila swali.

Ukimaliza, tafuta 13056 kwenye mradi mzima. Angalia pia kama kuna On Error Resume Next (amri ya kupuuza makosa na kuendelea) juu ya Send, maana mafundi hao hao hupenda kuviweka pamoja: mauzo hayajafika, skrini inasema yametumwa.