Mvua ilinyesha, mbona magunzi matupu?

Baada ya kila mavuno mabaya huku Kongwa, mkoani Dodoma, utasikia kauli ileile: "Mwaka huu mvua haikunyesha." Mara nyingi si kweli. Ukijumlisha mvua ya msimu mzima unakuta imefika zile milimita 500 au 600 ambazo Dodoma imezizoea. Ilichofanya ni kukata wakati mbaya. Desemba ilinyesha, Januari ikanyesha, mahindi yakasimama hadi jirani akaanza kutamba, halafu Februari jua likawaka majuma matatu mfululizo. Mvua iliporudi Machi ilikuta mabua.

Nimelima hapa miaka mingi: mahindi, mtama, uwele, alizeti na choroko kidogo. Kama ningeulizwa jambo moja tu kuhusu mabadiliko ya tabianchi na mavuno, ningejibu hivi: panga shamba lako kwa kuliogopa pengo la mvua, usilipange kwa kutumaini jumla yake.

Mwaka wa shida, chukua hindi ulimenye, uliangalie vizuri. Kila unywele wa ndevu umeungana na punje moja. Chavua ya mbelewele, lile shada la juu ya bua, ikiuangukia unywele huo, punje inajaa. Isipouangukia, nafasi inabaki wazi kama jino lililong'oka. Mbelewele hazimwagi chavua msimu mzima, ni juma moja hivi. Sasa mmea ukiwa na kiu, mbelewele hutoka kwa wakati wake, lakini ndevu huchelewa. Zinapochomoza, chavua imekwisha. Na penye joto kali zaidi, nyuzi 35 kwenda juu, hata chavua iliyopo hufa kabla ya kufanya kazi. Ndiyo maana unaweza kuwa na shamba refu la kijani linalopendeza barabarani, kumbe ndani ya maganda mna punje chache zimejibanza upande mmoja wa gunzi.

Mwaka 2011 watafiti walitoa matokeo ya majaribio ya mahindi zaidi ya 20,000 yaliyofanyika sehemu mbalimbali za Afrika. Waligundua kwamba kila siku ambayo joto linazidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja, mavuno ya mwisho hupungua kwa asilimia 1 hata kama mvua ni nzuri. Shamba likiwa na ukame, hupungua kwa asilimia 1.7. Utasema ni kidogo. Haya, zidisha kwa majuma matatu ya jua, halafu kumbuka kwamba 2024 ndio uliokuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu dunia ianze kuweka kumbukumbu. Wapo wanaotufariji kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka mimea inashiba. Kwa ngano na mpunga kuna ukweli kiasi. Mahindi na mtama yana namna yake ya kuivuta hewa hiyo, yalikuwa yameshatosheka tangu zamani, kwa hiyo huko tusitegemee nafuu kubwa.

Turudi shambani. Kosa ninaloliona kila Novemba ni kukimbilia mvua ya kwanza. Wingu likipasuka usiku, asubuhi kijiji kizima kiko shambani na mbegu mfukoni. Mvua hiyo mara nyingi ni ya kudanganya: mbegu inaota, jua linakuja, miche inakauka, na mbegu ya dukani si bei ya mchezo. Mimi huchukua jembe nikachimba. Udongo ukiwa na unyevu mpaka kina cha kiganja na vidole vyake, unaubana mkononi unashikana, hapo napanda. Ukiwa umelowa juu tu na chini ni vumbi, narudi nyumbani. Mtama na uwele huweza kupandwa kavu kabla ya mvua, wazee walifanya hivyo na bado inalipa. Mahindi siyathubutu.

Tena usipande shamba zima siku moja. Gawanya, acha siku kumi hivi kati ya kipande na kipande. Hapo mahindi yako hayatachanua yote katika juma moja, na pengo likija litapata sehemu, halitapata shamba lote. Wenye ekari moja huniambia hawana cha kugawa. Hata nusu kwa nusu inatosha.

Kuhusu mbegu, nitasema ukweli ambao muuza duka huwa hausemi. Mbegu ya muda mfupi inawahi kuchanua, na hiyo ni kinga. Lakini mwaka wa mvua nzuri itazaa kidogo kuliko ile ya muda mrefu, hakuna njia ya kulikwepa hilo. Unalipa bima. Kwa nchi kavu kama yetu nalipa bila kinyongo. Ukiwa Mbeya au Iringa nyanda za juu, hesabu ni nyingine kabisa, usininukuu.

Kisha maji. Mvua za siku hizi hushuka kwa kishindo, nusu saa tu korongo limejaa, na shamba limelowa juu juu. Kazi yako ni kuyazuia maji hayo pale yalipoanguka. Njia ninayoipenda imetoka hapahapa Dodoma, kijiji cha Chololo, na inaitwa mashimo ya Chololo. Unachimba mashimo kwa mstari unaokatiza mteremko, kila shimo upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30, nafasi ya 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mistari. Udongo uliotoka unauzungushia kando kama kituta. Ndani unaweka majivu kidogo kwa ajili ya mchwa, samadi na mabaki ya mazao, unafukia lakini hujazi, unaacha kibakuli cha kukusanyia maji. Juu yake mbegu moja au mbili. Kazi ni ngumu, sikufichi, mgongo utalalamika. Ifanye kiangazi, kidogo kidogo, na uanze na kipande kinachokupa chakula cha nyumbani. Juma ambalo mahindi ya jirani yanajikunja majani saa nne asubuhi, ya kwenye mashimo huvumilia mpaka alasiri, na siku hizo chache ndizo ndevu zinazozihitaji.

Waingereza walikuja Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga kwa mashamba makubwa. Udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua ikaja ilivyotaka, na 1951 mradi ukafutwa. Matrekta hayakuwa na neno la kuiambia Februari.

Mtama sasa. Kila mtaalamu atakushauri uache mahindi upande mtama, maana mtama ukipatwa na jua hujituliza, mvua ikirudi unaendelea kukua. Ni kweli tupu, na ugali wa uwele kwa mlenda mimi siubadilishi na kitu. Ila ushauri huo una mdomo: kwelea kwelea. Ukiwa peke yako na mtama katikati ya mahindi ya watu, ndege wa tarafa nzima watakuwa wageni wako, na utashinda juu ya dungu na kombeo wiki nzima kuamia ndege huku watoto wanapaswa kuwa shule. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, ongeeni. Kaya kadhaa zipande mtama upande mmoja, wakati mmoja, mpeane zamu. Bila hivyo, mtama wa mtu mmoja ni sadaka.

Jambo la mwisho watu hulisahau kwa sababu halionekani kwenye hesabu ya magunia. Mahindi yaliyopatwa na ukame wakati wa kujaza punje hushikwa kwa urahisi na ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya sumukuvu iliua watu 125. Mwaka 2016 ilifika kwetu, Dodoma na Manyara, na ndugu zetu wakafa. Kwa hiyo mwaka wa jua kali, usiseme "angalau nimepata kidogo" ukaweka ghalani chochote. Chambua, tupa zenye ukungu na zilizovunjika, usizipe kuku wala usizipeleke kwenye pombe. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu. Kujua kama zimekauka, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, funga magunia uyapange juu ya chaga, mbali na ukuta.