Wakongwe wananuna, wapya wanalalamika: niongozeje?

SWALI: Nasimamia kitengo cha uhasibu. Nikielekeza kila hatua, wakongwe wananuna. Nikiwaacha wakongwe na kukaa na wapya tu, naambiwa nina upendeleo. Nimesoma nadharia ya njia na lengo, inayomtaka kiongozi abadili mtindo. Nibadilije bila kuonekana mbaguzi?

JIBU: Ndugu, hilo la wakongwe kununa mtaalamu wa uongozi Robert House alilieleza tangu alipotoa nadharia hiyo mwaka 1971. Maelekezo humsaidia mtu pale kazi isipoeleweka. Anayeijua kazi yake ukimwelekeza neno kwa neno, anaona humwamini. Kiongozi huleta kile kinachokosekana.

Kwa hiyo acha kuwagawa kwa miaka kazini, tafuta kinachomkwamisha kila mmoja. Chukua usuluhishi wa benki wa mwisho wa mwezi, yaani kulinganisha hesabu zenu na taarifa ya benki. Mmoja hajui hundi zisizowasilishwa benki aziweke upande gani: kaa naye, pitieni mstari kwa mstari. Mwingine anaujua kwa kichwa lakini amechoshwa na kazi ileile kila mwezi: huyo msikilize, mpunguzie mzigo. Wa tatu anaiweza na bado ana nguvu: mpe lengo gumu zaidi, afunge hesabu siku mbili kabla ya tarehe. Ikija programu mpya ya hesabu, hata mkongwe atahitaji kuelekezwa, na ni vyema umshirikishe kuamua mtaanzaje kuitumia.

Kuhusu upendeleo, tarehe ya kuwasilisha, kiwango cha usahihi na zawadi viwe vilevile kwa wote. Kinachotofautiana ni msaada tu, na uwaambie hivyo waziwazi mbele ya wote, kwa sababu minong'ono huanzia pale watu wanapobaki kukisia.

Kuna jambo moja ambalo wasimamizi wengi hulipita haraka mno. House alijenga juu ya hoja ya mwanasaikolojia Victor Vroom ya mwaka 1964: mtu hujituma akiamini kwamba juhudi zitazaa matokeo, na matokeo yatamletea kitu anachokithamini. Sasa angalia kitengo chako. Kama anayemaliza mapema hupewa mafaili ya aliyechelewa, amekwisha jifunza kwamba kuwahi ni adhabu, na hapo mtindo wowote utagonga mwamba. Rekebisha hilo kwanza. Kisha muulize kila mmoja, faraghani, nini hasa kinamchelewesha kufunga hesabu.